Kifungu cha Sahani

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani sikuiona, na ofisini kwetu tumeagizwa tuseme haipo, kwa hiyo haipo. Msomaji akiona humu jambo linalofanana na la kwao, hilo ni lake na nafsi yake, asije akanitia mimi matatani. Mimi ni bawabu. Nina kofia ya serikali, nina filimbi, nina mlango wangu. Nitakayoyasema nimeyaona kwa macho haya, nikiwa kazini, na sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai.

Katika nchi hiyo mahakama zilikuwa hazikosei. Sisemi zilikuwa hazikosei sana. Zilikuwa hazikosei kabisa. Jaji akishatamka kwamba fulani ni mwizi, hata fulani mwenyewe alianza kujikagua mifukoni. Tuliishi hivyo, raha mustarehe, mpaka Mtukufu Rais alipokwenda ziara ya nchi za mbali. Huko, wakiwa mezani, kati ya supu na nyama, mwenyeji wake akamwuliza, kwa kunogesha mazungumzo tu: "Na kwenu, mtu akihukumiwa kimakosa, huwa mnafanyaje?" Mtukufu hakuwa amelitegemea swali hilo. Akameza supu, akapangusa midomo, akajibu: "Tuna sheria."

Simu ikalia nyumbani. Sheria haikuwepo, na Mtukufu hasemi uongo. Hilo limo ndani ya Katiba yetu, ukurasa wa mwanzo. Basi ilibidi sheria iwepo kabla ndege yake haijatua, la sivyo Katiba ingevunjikia angani. Mheshimiwa Kirobo, Waziri wa Haki na Utulivu, akawakusanya wakubwa kwenye ukumbi wa wizara. Mimi nikafunga mlango, nikasimama kwa ndani.

"Ndugu zangu," akasema Waziri, jasho linamtiririka, "tunataka sheria ya kumsaidia mtu aliyehukumiwa kimakosa. Asikilizwe upya, aonekane hana hatia, atoke. Iwe nzuri, na iwe tayari kabla ya magharibi."

Afande Nyangasa, Mkuu wa Magereza, akanyanyua mkono. Ni mtu mkubwa wa mwili na mpole wa sauti. Hata akiamuru mtu achapwe viboko utadhani anamkaribisha chakula. "Mimi haki siipingi, Mheshimiwa. Haki ni nzuri sana. Naomba kuuliza tu: hawa wakitoka, kokoto nitavunjiwa na nani?"

Kila mmoja alizijua kokoto zile. Ndizo zilizokuwa zikijenga barabara ya kwenda kijijini kwa Mtukufu, na barabara ilikuwa bado haijafika.

Hapo Mheshimiwa Kirobo akamkumbuka shangazi yake. Alilelewa na shangazi, na hakuchoka kutuambia hivyo. "Nyie," akasema, "nani hapa hakufunzwa adabu kwao? Jirani akikuletea chakula, ukala, ukashiba, ukaosha sahani yake. Halafu? Unamrudishia tupu?"

"Astaghafirullah!" wakasema wote kwa pamoja. Maana kwetu jambo hilo halifanyiki. Hata kama ndani huna kitu, utatia ndimu, utatia chumvi, utatia majani ya mchaichai, lakini sahani ya watu huirudishi nyeupe. Mtu akithubutu husemwa mtaa mzima mpaka ahame.

"Sasa Gereza ni jirani yetu," Waziri akaendelea, amekwisha simama. "Linapokupa mwanao, limekuletea sahani imejaa. Wewe ukae na mwanao, umkumbatie, ufurahi, halafu Gereza ulirudishie nafasi tupu? Adabu gani hiyo? Utu gani huo?"

Walipiga makofi mpaka Afande Nyangasa akatoa leso kufuta macho. Kifungu kikaandikwa palepale: aliyehukumiwa kimakosa ataachiwa mara moja, kwa shangwe, pindi jamaa zake watakapotia mtu mwingine katika nafasi yake. Ndege ilipotua, sheria ilikuwa inamsubiri Mtukufu kwenye zulia jekundu, imefungwa utepe. Hakuisoma. Aliipungia mkono akapita.

*

Likaundwa Baraza la Kusahihisha Hukumu, nami nikahamishiwa huko na kofia yangu. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Kiluwa, mzee wa watu, mwenye roho laini kuliko wote niliowahi kuwafungulia mlango. Alikuwa analia. Simsingizii, analia machozi ya kweli, na karani wake humbebea taulo. Maishani mwake amefunga watu wengi kuliko jaji yeyote nchini, na hakuna hata mmoja ambaye hakumlilia.

Kesi ya kwanza ilikuja na Bi Sikudhani. Mjini hakuna asiyemjua. Yeye ni muosha, huwaosha wanawake waliofariki na kuwavisha sanda, na kwa kazi hiyo watu humheshimu na kumpisha njia. Mwanawe, Chande, fundi baiskeli, alikuwa amefungwa maisha kwa kosa la kuchoma ghala la nafaka la taifa. Kulikuwa na katatizo kadogo tu. Jioni ghala lilipoungua, Chande alikuwa selo, tena katika mji mwingine, amekamatwa na polisi kwa kuendesha baiskeli isiyo na kengele.

Koplo aliyemfungia selo alikwishalisema hilo hata kwenye kesi ya awali. Jaji wa kesi ile alimsikiliza vizuri, akaona kwamba mtu anayeweza kuchoma ghala akiwa amefungiwa ni wa hatari kuliko wachomaji wa kawaida, akamwongezea kazi ngumu. Jaji huyo alikuwa ni Kiluwa huyuhuyu. Sasa, akiwa kwenye kiti kipya, akaisoma hukumu yake ya zamani kwa sauti, na kila aya ilipokwisha alitikisa kichwa na kusema, "Lo, huyu jaji naye!"

Kisha akamgeukia Koplo. "Una hakika kijana alikuwa selo?"

"Nina hakika, Mheshimiwa. Ufunguo ninao mimi."

"Labda alipita dirishani?"

"Selo yetu haina dirisha, Mheshimiwa. Tumeomba miaka mingi."

Jaji Kiluwa akalia. Alilia mpaka taulo likabadilishwa. Akasimama, akanyoosha mikono, akatangaza: "Chande hana hatia! Hakuwa nayo jana, hana leo, na hatakuwa nayo daima!" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Bi Sikudhani alianguka magotini akibusu sakafu. Nje, bendi ya polisi ikaanza kupiga, na Mheshimiwa Kirobo akahutubia kwamba leo taifa limejitazama kwenye kioo, likajinawisha uso, na kwamba mataifa makubwa yaje kujifunza unawaji.

Makelele yalipopungua, Jaji akainama kwa upole. "Haya, mama yangu. Umetuletea nini kwenye sahani?"

"Sahani ipi, baba?"

Karani akamsomea kifungu. Alikisoma polepole, maana kiliandikwa kwa Kiswahili kizuri. Bi Sikudhani alisikiliza hadi mwisho, bado yuko magotini.

"Kwa hiyo mwanangu hana hatia," akasema.

"Hana kabisa, mama. Mweupe kama pamba."

"Na atatoka?"

"Wakati wowote! Hata sasa hivi. Sisi tumeshamaliza, umebaki wewe tu."

Vigelegele vikakatika ndani. Bendi iliendelea kupiga kwa sababu ilikuwa nje, na hakuna aliyeiambia.

*

Msidhani Chande aliachwa vilevile. Serikali yetu si ya namna hiyo. Alivishwa kofia ya kijani, ishara ya waliosahihishwa, na Afande Nyangasa alitoa amri asitukanwe tena na mtu. Asubuhi, badala ya teke, askari humwambia: "Mheshimiwa Asiye na Hatia, nyundo yako hii hapa." Kokoto zilikuwa zilezile. Vumbi la mawe lilikuwa limekwisha mwingia kifuani, akawa anakohoa, na siku moja askari mmoja akaja barazani kwetu kumnong'oneza Bi Sikudhani, aliyekuwa akishinda pale, kwamba sasa kijana anakohoa damu. "Mama, kama una mtu, mlete upesi," akamwambia. "Mvua zikianza hatazimaliza."

Bi Sikudhani akaingia kwa Jaji bila kubisha hodi, nami nikamwachia. "Baba, mnataka mtu? Mchukueni aliyechoma. Mnamjua."

Ni kweli tulikuwa tunamjua. Ni Bwana Ndomondo, aliyekuwa meneja wa ghala, shemeji wa Waziri. Aliuza nafaka yote, akasikia wakaguzi wanakuja, akachoma ghala tupu. Haikuwa siri; alikuwa akiisimulia harusini, na watu wakicheka. Baraza likamruhusu mama akamwombe kwa adabu, likanituma mimi nifuatane naye nihakikishe hampandishii sauti mtumishi wa umma.

Bwana Ndomondo alitupokea vizuri. Huyo ndiye mtu mwenye adabu, aliinuka kitini. "Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba. Nimekuja kukuchukua."

"Kunipeleka wapi, mama?"

"Alipo mwanangu. Ghala ulichoma wewe."

"Nilichoma mimi, nikukatalie nini? Tena petroli ilikuwa imechakachuliwa, ikanibidi niwashe mara ya pili." Akatusogezea sinia la korosho. "Wallahi ningekwenda, mama, maana Chande nilimwonea huruma sana. Nilimwombea hata dua. Lakini baada ya moto ule serikali ilinipandisha. Sasa mimi ni Mkurugenzi wa Kinga ya Moto, nchi nzima. Nikiondoka, kiti kinabaki kitupu, na kiti cha umma nacho ni sahani. Niletee mtu mwenye elimu yangu na uzoefu wangu wa moto, akae hapa, nami nitakwenda leo leo."

Bi Sikudhani hakuzigusa korosho. "Bwana Ndomondo," akasema, "mimi nimeosha watu wa kila aina, hata waliokaa majini wiki nzima. Wewe uko hai na usingetakata."

Akacheka, akasema mama ana maneno matamu, akamfungia korosho kwenye karatasi. Mama aliziacha kwenye ngazi. Mimi nilizichukua, kwa sababu kutupa chakula si uungwana.

*

Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha enea. Familia nyingi zenye mtu wao gerezani ziligundua kwamba kila nyumba ina mtu wa kutia sahanini, ukitafuta vizuri. Bwana mmoja, akilia kwa jicho moja, alimleta mama mkwe wake. Kwaya moja ilimleta mwimbaji aliyekuwa akiwaharibia sauti. Walikuja mabubu, walikuja walevi, walikuja watu waliosinzia nyumbani wakaamkia barazani kwetu. Vijana wakawa wanawaamkia wazee huku wanawatazama mikono kama bado inaweza kushika nyundo, na wazee wakaacha kulala mchana.

Jaji Kiluwa alimlilia kila mmoja. Afande Nyangasa alikuwa hana malalamiko.

Mwisho wa mwaka Waziri akaita waandishi wa habari. Akatangaza kwamba wafungwa waliohukumiwa kimakosa wanapungua kwa kasi ambayo haijaonekana duniani. Mwandishi mmoja, mgeni katika kazi, akauliza inawezekanaje na magereza yamejaa vilevile. "Kijana," Waziri akamjibu, "wanaotoka ndio waliohukumiwa kimakosa. Wanaoingia hawakuhukumiwa na mtu yeyote. Asiyehukumiwa amehukumiwaje kimakosa?" Waandishi wakaandika. Yule mgeni sikumwona tena kazini.

*

Sasa nije kwenye siku ambayo ningependa nisingekuwa zamu.

Chande alikuwa na mke, Mwantumu, binti mrefu, mkali wa maneno, aliyeendelea kuishi kwa mama mkwe wake tangu mume alipofungwa. Siku hiyo walikuja wawili barazani, wakakaa kwenye benchi karibu na mlango wangu, wakaanza kubishana. Sikusikiliza. Nilisikia tu.

"Niende mimi, mama," Mwantumu akasema. "Mume ni wangu. Na mimi nina nguvu, nitavunja hayo mawe yao mpaka wanione kero."

"Ndiyo maana huendi."

"Mama, wewe una magoti mabovu! Utachuchumaaje pale kutwa?"

"Mkwe wangu, nisikilize." Bi Sikudhani alimshika mkono. "Ukienda wewe, Chande hatalala. Ataleta mtu akutoe, huyo naye ataletewa mtu, na haitakwisha. Mimi kule nitatoka kwa kufa, na haitachukua muda. Watanizika na nafasi yao hiyo, yawe yamekwisha. Wewe umpikie uji, umpake mafuta kifuani, umrudishe kuwa mtu."

"Siwezi, mama. Nitamtazamaje usoni?"

"Utamtazama. Utazoea." Kisha akaniambia mimi, "Bawabu, fungua."

Kwa hesabu yake kifo kingefunga mambo. Hata mimi nilidhani hivyo, nikaona ni bibi mwenye akili.

Jaji Kiluwa aliposikia alichokuja kufanya, alianza kulia kabla hajakaa. "Mama, wewe si ndiye uliyemwosha marehemu mke wangu?"

"Ndiye mimi. Nilimwosha nikamsitiri, na niliyoyaona mwilini mwake sikumwambia mtu. Sasa na wewe nisitirie mwanangu."

Jaji alilishika taulo bila kulitumia, na kwa mara ya kwanza nikaona machozi yamemkauka. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nitakupokea kwa uchungu mkubwa," akagonga meza.

Nilimpeleka mimi gerezani. Kuna malango mawili, la kuingilia upande huu na la kutokea upande wa pili, ili wanaobadilishana wasionane wakaanza kuliliana na kuchelewesha kazi. Njiani alitembea polepole kwa sababu ya magoti. "Bawabu," akaniambia, "Chande akikuuliza, mwambie nimesafiri. Mwambie kuna msiba mahali mbali, nimeitwa kuosha."

"Mama, mimi ni mtumishi wa serikali. Sisemi uongo."

"Haya," akasema. Hakunikasirikia. Akaingia.

Chande alipotoka na kuniuliza mama yuko wapi, nilimwambia ukweli wote, nimesimama wima, kama kanuni inavyotaka. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Nililala vibaya, lakini nililala bila kosa.

*

Alikuja Barazani siku iliyofuata, amekonda, bado na ile kofia ya kijani kwa sababu hakuwa na nyingine. Mwantumu alikuwa amemshika kiuno asianguke.

"Mheshimiwa, nimekuja kuomba mama yangu asikilizwe. Hana hatia."

"Tunajua, mwanangu," akasema Jaji Kiluwa. "Nani asiyejua? Lakini sisi tunasahihisha hukumu. Lete hukumu ya mama yako tuisahihishe. Iko wapi?"

"Hakuna. Hakuhukumiwa."

"Unaona mwenyewe."

"Basi nitieni mimi kwenye sahani. Mimi niingie, yeye atoke. Nafasi ni yangu hiyohiyo, hata nyundo naijua."

Hapo Jaji akasimama, na nikamwona akikasirika, jambo ambalo ni adimu. "Wewe? Wewe ambaye Baraza hili limetamka mbele ya bendi kwamba huna hatia? Unataka nchi hii imfunge mtu asiye na hatia? Tumejenga sheria nzima kwa ajili yako, halafu unakuja kututukana hapa!" Watu ukumbini wakaguna. Mmoja akasema, "Hana shukrani." Nikaamriwa nimtoe.

Alijaribu njia nyingine. Alitafuta baiskeli, akaing'oa kengele, akawa anapita na kurudi mbele ya kituo cha polisi. Yule Koplo wa selo, siku hizi kahamishiwa kituo cha kwetu, alikuwa akigeukia ukutani kila alipomwona, maana ule ushahidi wake ulikuwa umemchelewesha cheo. Chande alizunguka mpaka pumzi ikamwishia, akaanguka na baiskeli yake, na Mwantumu akaja kumbeba. Mimi nilikuwa napita kwenye hiyo njia. Nilishika upande wa miguu. Nyumbani kwao nilipewa uji kwa asante, nikaunywa, na Mwantumu akaniuliza kama kule ndani mama anakula. Nikamwambia sijui, kwa sababu kweli sikujua.

*

Mvua zilipoanza Bi Sikudhani akafa. Alifia kwenye kokoto, amechuchumaa, na kwa kuwa alikuwa kimya siku zote hawakutambua hadi jioni. Afande Nyangasa alituma salamu za rambirambi kwa sauti yake ile ya upole, na mwishoni akauliza lini nafasi itajazwa.

Jaji Kiluwa akamwita Chande. Mimi nilifungua mlango, na safari hii nilitamani usifunguke.

"Pole sana, mwanangu," Jaji akasema, taulo liko tayari. "Msiba ni wetu sote. Sasa liko jambo moja. Mama yako amefariki, lakini nafasi haifariki, anayefariki ni mtu. Na mali ya marehemu, iwe shamba, iwe mbuzi, iwe nafasi, inakwenda kwa mrithi. Marehemu alikuwa na mtoto mmoja."

Chande hakukohoa hata kidogo. "Nilikuja nikawaomba mnichukue, mama yangu akiwa hai. Mkasema sina hatia."

"Na bado huna! Nani amekuambia unafungwa? Hufungwi. Unarithi tu." Na hapo Jaji Kiluwa akalia vibaya kabisa, mabega yanapanda na kushuka, mpaka karani akampa maji. Sijui kama alikuwa anamlilia Chande. Sikubaki kuangalia, nilikuwa na mtu wa kusindikiza.

Tukatoka. Mwantumu alikuwa nje na kifurushi cha nguo. Nilimwambia arudi, akaniambia niufunge mdomo wangu. Akatufuata njia nzima akizungumza na mgongo wa mumewe: "Nitakutoa. Unanisikia? Mwezi haupiti. Nitaingia mimi utoke. Wewe vumilia tu, usiongee na mtu, usijibizane nao, nitakuja." Chande hakugeuka. Alitembea akiangalia chini, na nikaona midomo yake inacheza, kama mtu anayekariri kitu.

Langoni Sajini alimwangalia kifua kinavyopanda na kushuka, akaona kofia ya kijani, akamtambua. "Karibu tena. Tuna utaratibu mpya siku hizi, tunauliza kabla ya kuingia, tusije tukahangaika baadaye. Ukifa, tumwite nani?"

"Hakuna."

"Wazazi?"

"Hawapo."

"Mke?"

"Sina mke."

Mwantumu akasogea. "Chande!"

Sajini akamwelekezea kidole. "Na huyu je?"

"Simjui," Chande akasema. "Amenifuata tangu sokoni. Nadhani amechanganyikiwa."

"Chande, mimi ni mkeo! Afande, mimi ni mke wake, ndoa yetu mtaa mzima unaijua! Andika jina langu!" Alikuwa amelishika lango kwa mikono miwili. "Chande, niangalie basi. Niangalie!"

Hakumwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi.

Sajini akashusha pumzi. Ni mtu wa kazi, hapendi fujo. "Bawabu," akasema, "wewe ni mtu wa serikali. Ninyi hamdanganyi. Huyu mwanamke unamjua?"

Sijawahi kupata baridi kama ile, na jua lilikuwa la saa sita. Nilihisi kofia imenibana kichwa.

"Simjui," nikasema. "Ni kichaa wa mjini. Tunamfukuza kila siku pale kwetu."

"Kwa hiyo huyu hana ndugu?"

"Hana mtu yeyote, Sajini."

"Basi akifa nafasi inapotea. Afande atasikitika." Akafungua mlango mdogo. Chande akainama akapita.

Nilimbandua Mwantumu langoni kidole kimoja kimoja. Akanipiga na kile kifurushi, nguo zikamwagika matopeni, akamtukana mama yangu, akamtukana baba yangu, akaitukana kofia. Niliziokota nguo. Alinitukana mpaka tukafika mjini, nami nimezibeba.